Gundi Isaidie, Isibebe: Dada Fundi, Mwambie Mteja Kijiwe Kimekaaje



Shaaban ikikaribia sote tunajua kinachofuata. Harusi zinapishana, huku kuna hina, kule kuna sare, na sisi mafundi tunalala saa nane za usiku. Harusi zikimalizika Ramadhani inaingia, na kabla ya kumi la mwisho kila mama anataka nguo ya Sikukuu. Katika nguo zote hizo siku hizi kuna kitu hakikosekani, nacho ni vijiwe. Abaya inataka vijiwe mikononi, mtandio unataka vijiwe pembeni, shela la bi harusi linataka vijiwe toka utosini hadi mkiani, na kiatu cha mtoto wa miaka mitatu nacho kinataka viwili vitatu.

Mimi sina ugomvi na vijiwe. Ni fundi cherehani, nina duka, na vijiwe vinanisaidia kulipa kodi. Ninachotaka kukisema leo ni namna tunavyovibandika, na namna tunavyonyamaza baada ya kuvibandika. Abaya inatoka dukani inameremeta, inavaliwa mara moja, inafuliwa mara moja, na vijiwe vinabaki chini ya beseni. Mteja akirudi analalamika, fundi anamjibu, "Umefua vibaya, mwanangu." Wanaachana kila mmoja na kinyongo chake, na safari ya pili mteja yule ananunua abaya iliyotoka Dubai.

Rai yangu ni hii: gundi isaidie, isibebe. Pambo linaloweza kupata uzi lipate uzi. Lisiloweza kupata uzi libandikwe kwa gundi inayolifaa, lipewe saa zake za kukauka, na mteja aambiwe kabla hajatoa pesa. Nitaeleza kwa nini.

Vijiwe vyenyewe

Vijiwe hivi vina historia ndefu. Jina lake la Kiingereza limetokana na mto Rhine wa Ulaya, ambako zamani watu waliokota mawe ya kung'aa. Katika karne ya 18 alikuwepo Paris sonara mmoja, Georg Friedrich Strass, aliyesifika kwa vito vya kioo vilivyofanana na almasi. Mpaka leo Wafaransa na Wajerumani huviita kwa jina lake. Mwaka 1892 Daniel Swarovski alisajili mashine yake ya kukata kioo, na mwaka 1895 akafungua kiwanda mji wa Wattens, Austria. Kukata kwa mashine ndiko kulikofanya vijiwe viwe vingi na bei iteremke, mpaka leo vinauzwa kwa pakiti kwenye maduka yetu ya Mchangani na Darajani.

Fundi anayenunua pakiti anakutana na aina mbili kubwa. Kuna vya kushonea, ambavyo vina matundu mawili ubavuni, au vimekaa ndani ya kikalio cha madini chenye kucha nne na vitundu vya kupitishia uzi. Na kuna vya mgongo bapa, ambavyo havina tundu popote. Hivi vya bapa ndivyo vinavyopendwa kwa sababu ni rahisi na vinabandikwa upesi. Kijiwe cha milimita 4 kina sehemu ndogo sana ya kushikia. Ukitegemea gundi peke yake, umeweka heshima ya duka lako juu ya kitone kilicho sawa na kichwa cha pini.

Tazama walivyofanya wazee wetu. Sanduku la Kizanzibari la kuwekea vyombo vya harusi limepambwa kwa njumu za shaba, na kila njumu imepigiliwa ndani ya mbao. Kofia ya viua inaanza na vitobo vidogo, kila kitobo kinazungushiwa uzi kwa mkono, na bibi zetu wamekaa barazani miezi kwa ajili ya kofia moja. Pambo lao lilikuwa limeingia ndani ya kitu chenyewe, ndiyo maana mpaka leo tunavirithi.

Gundi tulizonazo mezani

Fundi wengi tunasema "gundi" kana kwamba ni kitu kimoja. Mezani kwetu kwa kawaida ziko nne, na kila moja ina tabia zake.

Ya kwanza ni supaglu. Iligunduliwa Marekani mwaka 1942 na mwanakemia Harry Coover wa kampuni ya Kodak, alipokuwa akitafuta plastiki angavu ya kulengea shabaha kwenye bunduki. Aliiacha kwa sababu ilinata kila kilichoguswa, kisha mwaka 1958 ikaanza kuuzwa kama gundi. Supaglu inaganda kwa unyevu, na sisi watu wa kisiwani unyevu tunao wa kutosha. Inaganda haraka na inakuwa ngumu kama kioo. Nguo inakunjika, gundi haikunjiki, basi inapasuka na kijiwe kinaruka. Tena mvuke wake unarudi kukaa pembeni ya kijiwe kama ukungu mweupe, na kwenye abaya nyeusi ukungu ule unaonekana kutoka mbali. La hatari zaidi ni kwamba ikimwagika nyingi kwenye pamba au sufu inachemka ghafla. Inaweza kutoa moshi na kuunguza ngozi. Kwa hiyo usivae glavu za pamba unapoitumia, wala usiipanguse kwa kitambaa cha pamba ulichokikamata mkononi.

Ya pili ni ile ya bunduki ya umeme. Hiyo ni plastiki inayoyeyushwa kwa moto na kuganda ikipoa. Inafaa kwa maua ya karatasi na mapambo ya ukumbi. Kwenye nguo inaacha donge nene na nyuzi kama za buibui. Na kwa kuwa moto ndio uliolainisha plastiki ile, pasi ikipita karibu inalainika tena.

Ya tatu ni gundi ya tyubu inayobaki laini kama mpira ikishakauka, mfano E6000. Hii inakunjika pamoja na nguo, na kwa vijiwe bapa mimi naiona bora kuliko supaglu. Lakini inataka saa 24 hadi 72 ili ikomae. Fundi anayebandika Alhamisi usiku ili nguo ivaliwe Ijumaa asubuhi hajaitendea haki. Tena harufu yake si ya kuchezea, na hilo nitalirudia.

Ya nne imo mgongoni mwa kijiwe chenyewe, ile ya kuyeyuka kwa pasi. Inataka vitu vitatu kwa pamoja: moto wa kutosha, mkandamizo, na sekunde za kutosha. Kiwandani mashine inapima vyote vitatu. Sisi tuna pasi ya nyumbani na umeme unaopanda na kushuka, kwa hiyo inabidi ujaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa kilekile, kisha ukikune kijiwe kwa ukucha kikishapoa. Kikitoka, bado hujapata moto wake.

Waliobandika vidogo kuliko vyetu

Sasa msicheke. Somo zuri kuliko yote kuhusu kubandika vitu vidogo sikulipata kwenye kozi ya ushoni. Nimelipata kwa watu wazima wa Ulaya na Marekani wanaojenga vijitreni vya mfano, ambao video zao ziko tele kwenye simu. Mimi nilikuwa natafuta video ya gundi, nikaletewa mzee na kichwa cha treni kinachokaa kiganjani, nikatazama mpaka mwisho.

Kazi ile si mchezo wa watoto. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilianza mwaka 1859 kwa kutengeneza vyombo vya bati vya kuchezea wanasesere, baadaye ikawa maarufu kwa vijitreni. Hornby ya Uingereza iliuza treni zake za kwanza mwaka 1920. Kipimo kinachotumika sana duniani kinaitwa HO, nacho ni 1 kwa 87, maana yake kila sentimita 87 za treni ya kweli zinakuwa sentimita 1. Fikiria basi ukubwa wa kishikio cha mlango, honi, ngazi ya dereva au bomba la breki. Mara nyingi vipande hivyo vinakuja kwenye kifuko pembeni, na mwenye treni anavitia mwenyewe kwa kibano. Sisi Unguja treni yetu ya Bububu imebaki kwenye picha za kale, lakini kanuni za hawa wajenzi zinaingia kwenye abaya moja kwa moja. Mimi nimechukua tano.

Kanuni ya kwanza: palipo na tundu, tumia tundu. Kishikio cha treni kina miguu miwili midogo inayoingia kwenye matundu. Kama hakuna tundu, mjenzi anatoboa kwa keki nyembamba kama sindano. Mguu ukishaingia, anagusisha gundi kidogo kwa ndani. Hapo mzigo unabebwa na mguu uliomo tunduni, na gundi inauzuia tu usichomoke. Kwetu sisi, tundu ni tundu la sindano na mguu ni uzi.

Ya pili: gundi inashika kile inachokigusa, si kile kilicho chini yake. Mjenzi akitaka kubandika juu ya rangi, anakwangua rangi kidogo pale mahali. Asipokwangua, gundi itashika rangi, na siku kipande kikivutwa kitatoka na rangi yake. Kitambaa kipya nacho kina rangi yake ya aina hiyo: wanga, dawa ya kiwandani ya kukipa mng'ao, mafuta ya vidole vyetu. Ukibandika juu ya wanga, mfuo wa kwanza unaondoka na wanga, na kijiwe kinafuata. Kitambaa kinachofulika kifuliwe kwanza, kikaushwe, ndipo kibandikwe. Mgongo wa kijiwe nao upanguswe kwa spiriti.

Ya tatu: pima kavu. Mjenzi anakiweka kipande mahali pake bila gundi, anakitazama, anakirekebisha, ndipo anakitia gundi. Sisi tupange vijiwe juu ya mistari ya chaki kwanza, tuivae nguo kwenye mwanasesere wa dukani, tuone kama mikono miwili imelingana. Kijiwe kilichobanduliwa na kubandikwa upya kinaacha doa.

Ya nne: usimimine gundi kutoka kwenye tyubu. Wajenzi wanaweka tone kwenye kigae au karatasi ya fedha, kisha wanachota kwa ncha ya sindano. Gundi ikizidi inachafua na inachelewa kukauka katikati. Ikipungua inashika katikati tu, na ukingo unabaki wazi kunasa uzi wa mtandio. Inatakiwa ifike ukingoni pande zote na iishie hapo.

Ya tano: kila kitu na gundi yake. Kwenye plastiki ya kawaida wanatumia gundi inayoyeyusha pande mbili zikaungana zikawa kitu kimoja, lakini gundi hiyo kwenye chuma haifanyi kazi. Kwenye vioo vya madirisha ya treni wanaikimbia supaglu kwa sababu ya ule ukungu mweupe, wanatumia gundi nyeupe inayokauka ikawa angavu. Na ziko plastiki zinazoteleza ambazo karibu kila gundi inashindwa, basi hapo wanategemea tundu peke yake. Haya yote yanafanywa kwa kitu kinachokaa kabatini na hakifuliwi. Kama mwenye treni ya kabatini anaona gundi peke yake haitoshi, sisi wenye nguo inayovaliwa, inayotoka jasho na kukamuliwa tuna hoja gani?

Uzi uende wapi na gundi iende wapi

Sisemi kila kijiwe kishonwe. Hesabu yenyewe haikubali. Abaya yenye vijiwe 300, ukibandika kila kimoja kwa sekunde 15, ni saa moja na robo. Ukishona kila kimoja kwa dakika moja, ni saa tano. Saa hizo zina bei yake, na fundi ana watoto wanaomsubiri.

Njia ninayoiona ya haki ni kuigawa nguo. Sehemu zinazosuguliwa zishonwe: ncha za mikono, ukingo wa chini, ubavu ambao mkoba unagusa, na mahali mtandio unapofungwa. Hapo tumia vijiwe vya matundu au vya vikalio. Funga fundo kila baada ya vijiwe vitano, ili uzi ukikatika pahala pamoja visianguke vyote. Sehemu zilizotulia, kama kifuani juu na mgongoni, zinaweza kubeba vijiwe bapa vya gundi.

Iko njia nyingine ambayo wateja wangu wanaipenda. Vijiwe vinatiwa kwenye utepe, na utepe unashonwa kwenye mkono wa abaya kwa mshono mrefu wa mkono. Siku ya kufua mteja anafumua utepe, anaiosha abaya yake bila wasiwasi, kisha anaurudisha. Abaya ikichakaa, utepe unahamia kwenye mpya.

Na ziko sehemu ambazo gundi ndiyo haki yake. Kiatu, kibweta cha vipodozi, fremu ya picha, taji la bi harusi. Sindano haipiti huko, na vitu hivyo havifuliwi. Tubandike kwa nia safi.

Vidole vyetu, pumzi zetu, watoto wetu

Hapa nazungumza na dada mafundi, na wale wenye wasichana wanaojifunza kazi kwao.

Gundi iliyoganda kidoleni ni utando. Tumesomeshwa kuwa kinachozuia maji yasifike kwenye ngozi kinapaswa kuondolewa kabla ya kutia udhu. Fundi anayebandika toka asubuhi anakutana na Adhuhuri na Alasiri na vidole vimejaa supaglu. Loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, usugue taratibu. Kikibaki kitu, dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni inaiyeyusha supaglu. Usivute kwa nguvu, ngozi itachunika. Na asetoni iweke mbali na nguo, maana vitambaa vya asetati inaviyeyusha kabisa. Kama imegoma na kuiondoa kunaleta madhara, muulize sheikh wako, dini yetu ina wepesi kwa mwenye dharura. Kilicho bora ni kujikinga mapema: vaa glavu nyembamba za mpira, na upange ratiba yako ya kubandika kwa kuangalia saa za sala.

La pumzi ni zito zaidi. E6000 ile ya asili ina kimiminika kinachoitwa tetrakloroethilini, ambacho pia hutumika kwenye madobi ya kufulia nguo bila maji. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Saratani, iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, imekiweka kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Sasa tuangalie vyumba vyetu. Chumba kimefungwa kwa sababu ya AC au ya vumbi, wasichana watatu wameinamia meza, tyubu iko wazi chini ya pua zao, na kazi ni ya mpaka usiku. Kichwa kinauma, tunasema ni njaa ya Ramadhani. Fungua madirisha. Weka feni nyuma ya mfanyakazi ipulize harufu kuelekea nje. Funga tyubu kila ukishachota. Mjamzito mpe kazi ya uzi. Binti wa watu amekabidhiwa kwako ajifunze riziki, na mama yake anatarajia arudi na afya aliyokuja nayo.

Na watoto. Wajenzi wa vijitreni wanaandikiwa kwenye maboksi kwamba vile si vya watoto wadogo, kwa ajili ya vipande vinavyong'oka na kumezwa. Sisi tunabandika vijiwe hivyohivyo kwenye gauni la mtoto anayetambaa, na kila kitu kwake kinaingia mdomoni. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu mimi nadarizi ua kwa uzi wa rangi. Linapendeza na halimezeki.

Kuhusu bei na ukweli

Najua nitakachojibiwa. "Wateja wa hapa hawataki kulipa, wanataka ving'ae tu." Ni kweli wapo wa namna hiyo, na haki yao waipate. Lakini mteja hawezi kuchagua kitu ambacho hajaambiwa kwamba kipo. Weka bei mbili. Mwambie, "Dada, hii ni ya kubandika, bei yake ni hii, ni ya kuvaa siku ya shughuli na kuifua kwa kuibembeleza. Hii imeshonwa mikononi, bei imezidi, utaivaa Sikukuu na Sikukuu." Wako wanaochukua ya kwanza kwa raha zao, kwa sababu nguo ya sare ya harusi pengine hawatairudia. Wako wanaochukua ya pili. Nasikia raha kwa wote wawili, kwa kuwa kila mmoja amejua alichokinunua.

Mwengine atasema, "Hata hizo abaya za Dubai zimebandikwa." Nyingi zimebandikwa, ndiyo. Zimebandikwa kwa mashine inayopima moto na sekunde, na bado vijiwe vinang'oka. Nasi tunacho ambacho muuzaji wa abaya ya boksi hana: mteja anatujua, anajua tunakokaa, na kijiwe kikianguka anakuja barazani. Kwa hiyo tushindane kwa uaminifu na matengenezo. Mimi nampa kila mteja kifuko chenye vijiwe vitano vya akiba na kikaratasi: usifue kabla ya siku tatu, geuza ndani nje, maji baridi, usikamue, usipige pasi juu ya vijiwe. Kikaratasi hakigharimu kitu, na malalamiko mengi yanaishia hapo.

Chuoni tulisomeshwa kisa cha Mtume (S.A.W.) alivyopita sokoni, akaingiza mkono kwenye rundo la nafaka akakuta chini kuna unyevu, na akamkemea muuzaji kwa kuficha. Rundo lile juu lilikuwa zuri. Nafaka yenyewe haikuwa haramu, na mvua kunyesha halikuwa kosa la muuzaji. Alichokosea ni kuacha mnunuzi aone juu peke yake. Mimi kila nikitazama abaya ya vijiwe nauona upande wake wa ndani, ule ambao mteja haugeuzi akiwa dukani. Kama ndani hakuna uzi, amwambie nani kama si mimi niliyeitengeneza?

Na wewe mteja, usijitoe. Ukifika kwa fundi, igeuze nguo. Ukiona vifundo vya uzi, imeshonwa. Usipoviona, imebandikwa, basi uliza ni gundi gani na imekaa siku ngapi. Mpe fundi muda. Ukileta kitambaa siku mbili kabla ya harusi na ukataka vijiwe mia tano, utapata gundi mbichi, na hutakuwa na wa kumlaumu. Usiombe bei ya gundi kwa kazi ya uzi. Fundi akikuambia ukweli ambao hukupenda kuusikia, kama vile "hiki kitambaa hakibebi vijiwe", mshukuru, kwa sababu amekataa pesa yako ili kukulinda.

Dada mafundi, kuanzia wiki hii tunaweza kufanya jambo moja dogo. Kabla ya kupokea malipo, igeuze nguo mbele ya mteja, umwonyeshe ndani, umwambie kipi kimeshonwa na kipi kimebandikwa. Ni nusu dakika tu. Allah atubarikie mikono yetu, atupe riziki ya halali na wateja wenye kuelewa, na atufikishe Ramadhani tukiwa na afya.

Wabillahi tawfiq.